Sura ya Nne: Kicheko Tunachokijua

Ali Nadim hatakijua Kiingereza. Yuko darasani tangu Desemba 1977, Mind Your Language ilipoonyeshwa Uingereza kwa mara ya kwanza, na mpaka leo anamwitikia mwalimu wake kwa adabu zote na kukosea karibu kila kitu. Jirani yake, Ranjeet Singh, anaomba radhi elfu moja. Jamila anafuma. Giovanni na Max wanamgombea Danielle. Taro anainama kwa heshima, na Su-Lee, mwenye kitabu chekundu cha Mwenyekiti Mao, yuko tayari kuanzisha vita naye wakati wowote. Mara mlango unafunguliwa, Bi Courtenay, mkuu wa shule, anaingia bila hodi, na Mwalimu Brown anaruka kwa mshtuko vilevile alivyoruka mara zote tulizomtazama.

Kichekesho hicho cha wageni wanaojifunza Kiingereza kilitungwa na Vince Powell kwa ajili ya London Weekend Television. Misimu yake mitatu ya mwanzo, 1977 hadi 1979, ina sehemu 29 tu. Mtu akikaa kitako anazimaliza kwa siku mbili. Lakini kwetu hazikwisha. Tuliziona kwenye televisheni, tukaziona kwenye deki kwa kanda za kuazima zilizokwisha chakaa hadi picha inacheza, tukaziona kwenye CD zilizouzwa kando ya barabara, na sasa tunaziona kwenye simu. Nawajua watu wazima, wenye kazi nzito na watoto wa kusomesha, wanaoweza kumtangulia Mwalimu Brown neno kwa neno. Swali la sura hii ni hilo: mtu anayejua kila neno anatafuta nini?

Kwa Mind Your Language nina jibu la kwetu kabla ya jibu la wataalamu. Wengi wetu tulijifunza Kiingereza kwa hofu. Katika shule nyingi za Kenya, mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili au lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, naye alitembea nacho mpaka amnase mwenzake, na jioni wote waliokivaa walichapwa. Tulijua kosa la kisarufi lina uzito gani kwenye kiganja cha mkono. Halafu tukawashiwa televisheni, tukaona darasa ambalo watu wazima, wenye ndevu na vilemba na kazi zao za mchana, wanakosea jioni nzima na hakuna anayeinua fimbo. Mwalimu anashika kichwa, anapumua, anaanza upya. Kesho wanakuja tena. Nikiirudia leo, bado kitu cha kwanza kinachonituliza ni kule kuvumiliwa. Vichekesho vyenyewe vinafuata baadaye.

Na hilo ndilo ninaloamini kuhusu vichekesho vya zamani kwa jumla: tunavirudia kwa sababu vinatupa mahali ambapo baya lolote litakalotokea tunajua limekwisha kusamehewa. Wanaosema ni uvivu, au kupoteza muda, hawajakaa karibu na mtu anayekihitaji kicheko hicho.

Shangazi yangu alikihitaji alipokuwa kwenye eda. Nyumba ilikuwa imejaa watu wiki za mwanzo, kisha, kama kawaida, wakapungua, akabaki yeye na chumba na simu. Jioni moja nilipompelekea uji nilimkuta anaangalia Vitimbi, kichekesho cha televisheni ya Kenya, sehemu ya zamani, picha imefifia, sauti inakwaruza. Mzee Ojwang' alikuwa amerudi nyumbani na uongo wake mkubwa, na mkewe, Mama Kayai, amesimama anamsubiri. Shangazi alianza kutabasamu kabla Mzee Ojwang' hajafungua kinywa.

"Shangazi, hii si umeshaiona?"

"Nimeiona, mwanangu. Ndiyo maana naitaka. Habari mpya nimezichoka."

Sikumwuliza tena. Nilikaa tukaangalia wote. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba mwili wake ulikuwa unajua wakati: bega lilishuka pale Mama Kayai alipovuta pumzi ya kukemea, mkono ukaacha kukunjakunja upindo wa kanga. Mtu aliyepatwa na msiba wa ghafla huwa anasubiri pigo jingine. Kila simu ikilia anadhani ni habari. Kwa nusu saa ile hakuna pigo ambalo lingekuja bila yeye kulijua.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili, na kazi zao zinafaa kusomwa na kila anayewadharau warudiaji. Mwaka 2009 Jaye Derrick na Shira Gabriel wa Chuo Kikuu cha Buffalo, pamoja na Kurt Hugenberg wa Chuo Kikuu cha Miami kule Ohio, walichapisha utafiti kuhusu vipindi vya televisheni ambavyo watu wanavipenda sana. Waligundua kwamba watu hukimbilia vipindi hivyo wanapojisikia wapweke, na kwamba kule kukifikiria tu kipindi anachokipenda kulimkinga mtu na ule unyonge unaofuata baada ya kukumbushwa ugomvi na mpendwa wake au kutengwa. Kipindi chochote hakikutosha. Kilitakiwa kiwe kile chake.

Miaka michache baadaye, mwaka 2013, Derrick alitoa kazi nyingine iliyonigusa zaidi. Alitaka kujua mtu aliyechoka kujizuia anarudishiwa nguvu na nini, yaani yule aliyeshinda siku nzima akimeza maneno kazini, akisema ndiyo mzee, ndiyo bosi, akikaza roho. Jibu lake: kurudi kwenye ulimwengu wa hadithi anaoujua, kwa kuangalia tena kipindi anachokipenda au kusoma tena kitabu chake. Sehemu mpya ya kipindi hichohicho haikuleta nafuu hiyo, wala kuhamahama stesheni kwa rimoti. Anaeleza kwamba kuwa na watu halisi nako kunarudisha nguvu, ila watu wanaweza kukugombeza, wanaweza kukukataa, wanaweza kukudai kitu. Waliomo kwenye kipindi cha zamani hawakudai chochote.

Nikisoma hivyo namfikiria mhudumu wa dukani aliyesimama tangu asubuhi, nawafikiria wauguzi wanaotoka zamu ya usiku, na dada wa kazi ambaye saa nne usiku ndiyo saa yake ya kwanza ya kukaa. Hao wakimfungulia Mzee Ojwang', waachwe.

Hata hivyo nguvu hii inatoka wapi ndani ya kipindi chenyewe? Nadhani iko kwenye namna kinavyojengwa. Tamthilia ya machozi, kama zile za Ufilipino na Mexico tunazozifuatilia kila jioni, inasonga mbele: leo wanaoana, kesho anapoteza kumbukumbu, keshokutwa mtoto si wake. Usipoangalia wiki moja umepotea. Kichekesho cha nyumba moja au darasa moja kinazunguka. Jambo linaharibika, linaharibika zaidi, kisha dakika tatu za mwisho kila kitu kinarudi kilipokuwa. Mzee Ojwang' hatatajirika. Ranjeet na Ali hawatapatana kabisa, na wala hawatatengana. Bi Courtenay hatabisha hodi. Aliyezoea kusimuliwa ngano na bibi anaufahamu mzunguko huu. Mtoto anayeitikia "pakawa" hataki Sungura abadilishwe njia ya kumponyoka Fisi. Ukiruka kipande, anakurudisha. Kujua mwisho hakujawahi kuharibu hadithi kwetu. Mwenye taarabu naye anasubiri ubeti anaoujua ndipo ainuke kwenda kutunza.

Historia ya marudio ya televisheni ina ubishi wa pesa ndani yake. Mwaka 1951 shirika la CBS la Marekani lilitaka kuonyesha kichekesho kipya, I Love Lucy, cha Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, mwanamuziki mzaliwa wa Cuba. Wakati huo vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York, na watazamaji wa mbali walipata nakala duni iliyopigwa kwa kamera mbele ya kioo cha televisheni. Lucille na Desi hawakutaka kuhama California. Wakashauri kipindi kipigwe kwenye filamu ya sinema ya milimita 35, mbele ya watu, kwa kamera tatu zinazofanya kazi kwa pamoja. Mpiga picha wao mkuu alikuwa Karl Freund, Mjerumani aliyepiga picha za filamu ya Metropolis ya mwaka 1927. Gharama ikapanda. Mume na mke wakakubali kupunguziwa mshahara, kwa sharti moja: filamu zikishaonyeshwa ziwe mali ya kampuni yao, Desilu.

Wakati ule sharti hilo lilionekana dogo, kwa maana nani angetaka kuangalia kipindi kilichokwisha kuonyeshwa? Kisha Lucille akashika mimba. Wakaiingiza mimba kwenye hadithi, na tarehe 19 Januari 1953, siku aliyojifungua mtoto wake wa kiume kwa upasuaji, Lucy wa kwenye televisheni naye alijifungua mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 40. Ili mama apate nafasi ya kupumzika, sehemu za nyuma zikarudishwa hewani. Watu wakaziangalia. Wakaziangalia kwa furaha ileile. Tangu hapo watangazaji wakajua kwamba kicheko kilichokwisha kuchekwa bado kina thamani, na I Love Lucy haijatoka hewani moja kwa moja mpaka leo. Kinachonifurahisha katika kisa hiki ni kwamba marudio hayo yalikuja kwa sababu mzazi alihitaji kupumzika.

Kwetu televisheni ilichelewa, na ilikuwa ya kugombewa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994 vituo vya kwanza viliporuka hewani. Kenya tulikuwa na stesheni moja, Sauti ya Kenya, iliyoitwa KBC kuanzia 1989, hadi KTN ilipoingia 1990. Kwa hiyo aliyekuwa na televisheni alikuwa na mtaa mzima sebuleni. Great Wall ya nyeusi na nyeupe, inayotumia betri ya gari, betri yenyewe imepelekwa dukani kuchajiwa tangu mchana. Mmoja yuko juu ya paa anazungusha antena, mwingine mlangoni anapiga kelele "Hapo hapo! Usiguse!" Wakubwa kwenye makochi, watoto chini mkekani, na wengine dirishani.

Nalitaja hili kwa sababu kicheko cha kipindi cha zamani kina vicheko vingine ndani yake. Anayeangalia Vitimbi au Vioja Mahakamani peke yake kwenye simu mwaka huu anasikia pia waliokuwa mkekani. Anajua ni wapi baba alikuwa akipiga paja, ni wapi mama alikuwa akisema "Mungu wangu!" na kuficha uso kwa kanga. Watafiti Cristel Russell na Sidney Levy, katika kazi yao ya mwaka 2012 kuhusu watu wanaorudia vitabu, filamu na safari, walikuta kwamba warudiaji wengi wanajitazama wenyewe pia: kitu hakikubadilika, kwa hiyo wanaona waziwazi ni kiasi gani wamebadilika wao. Nilipokuwa mtoto nilikuwa upande wa Mzee Ojwang', maana naye alikuwa anakwepa kama sisi tulivyokwepa kazi. Leo niko upande wa Mama Kayai. Namwona mwanamke aliyechoka, anayeijua kila hila ya mumewe na bado anampakulia chakula.

Sasa lipo jambo ambalo mpenzi wa vichekesho hivi hapaswi kulikwepa. Mind Your Language ilisimamishwa 1979 na Michael Grade, mkuu wa vipindi wa London Weekend Television, kwa sababu aliona inawadhalilisha wageni. Alikuwa na hoja. Mjapani ni wa kuinama, Mwitaliano ni wa kutongoza, Mhindi na Mpakistani ni wa kutukanana dini. Nikiangalia na binti wa ndugu yangu, aliyezaliwa karne hii, kuna mahali anakunja uso, nami namwona ana haki. Kipo kilichozeeka vibaya na hakuna sababu ya kukitetea.

Ninachoongeza ni kidogo. Waliolijaza darasa lile walikuwa wengi wao wageni kwelikweli waliokuwa wakitafuta riziki kwenye televisheni ya Uingereza. Dino Shafeek aliyekuwa Ali alizaliwa Dhaka. Albert Moses aliyekuwa Ranjeet alizaliwa Sri Lanka. Kevork Malikyan, Max Mgiriki, ni Mwarmenia wa Uturuki. Ricardo Montez, Juan Mhispania, alitoka Gibraltar. Waandishi waliwapa maneno membamba, na wao wakayatia utu. Mwangalie Ali anapopata jibu sahihi kwa bahati, uso wake unavyofunguka. Sura hiyo haikuandikwa na mtu. Nasi tuliomtazama kutoka Mombasa, Kampala au Colombo tulicheka tukiwa ndani ya darasa, upande wa wanafunzi, na kicheko cha aliye ndani si sawa na cha aliye dirishani.

Vitimbi nayo ilikuwa na lafudhi za makabila. Benson Wanjau, aliyemwigiza Mzee Ojwang' Hatari, mzee wa Kijaluo, alikuwa Mkikuyu. Alifariki tarehe 12 Julai 2015, na siku ile Wakenya wengi ndipo walipolijua jina lake halisi. Nchi ambayo siasa zake zimewagonganisha Wajaluo na Wakikuyu mara kwa mara ilimlilia mtu aliyekaa ndani ya sauti ya jirani yake kwa miongo kadhaa, tena kwa mapenzi, hadi wenye sauti wakamhesabu kuwa wao. Mimi sijui kazi ya sanaa iliyo kubwa kuliko hiyo. Mary Khavere, Mama Kayai wake, alibaki nyuma, na ukimwona kwenye sehemu zile za zamani akimfokea mumewe wa kwenye televisheni, unasikia kitu ambacho watazamaji wa kwanza hawakukisikia.

Maana waigizaji wanakufa. Dino Shafeek alifariki 1984. Miaka miwili baadaye kampuni nyingine ilipojaribu kuifufua Mind Your Language kwa sehemu 13, kiti cha Ali kilikuwa kitupu, na mimi msimu ule siurudii. Barry Evans, yule Mwalimu Brown mwenye subira, alimaliza maisha akiendesha teksi, akafariki 1997. Amri Athuman, King Majuto wetu wa Tanga, aliondoka Agosti 2018. Charles Bukeko, Papa Shirandula, Julai 2020, katikati ya korona, wakati ambapo watu wengi walishinda majumbani na walimhitaji mno. Kwenye kanda wote wapo, na wanafika kwa wakati.

Ila kanda nazo zinakufa, na hapa ndipo ninapotaka kuomba. BBC, pamoja na utajiri wake, ilifuta vipindi vyake vingi vya miaka ya 1960 ili kanda zitumike tena, kwa imani kwamba hakuna atakayevitaka. Sehemu tatu za kichekesho cha Dad's Army hazijapatikana mpaka leo. Sehemu tisa za tamthilia ya Doctor Who zilizodhaniwa kupotea kabisa zilitangazwa kupatikana mwaka 2013, na zilikutwa Jos, Nigeria, katika kituo cha televisheni, ghalani. Kituo cha Kiafrika kilikuwa kimewatunzia Waingereza kumbukumbu yao bila kujua.

Wa kututunzia ya kwetu ni sisi wenyewe. Kanda ya video ni utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe za sumaku. Joto na unyevu wa pwani vinaula, ukungu unaota, na kila mwaka unaopita unaondoka na kipande. Vituo vyetu vya taifa, Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar, vinapaswa kuviona vichekesho vya zamani kuwa ni hazina ya umma, kuvihamisha kwenye kompyuta kabla mashine za kuzisomea kanda hazijaisha, na kuviweka mahali ambapo shangazi wa mtu anaweza kuvipata bila kumaliza bando. Majina ya waigizaji wote yaandikwe, hata ya waliopita mlangoni na sinia ya chai. Na wewe msomaji, kama kabatini kwenu kuna kanda zilizorekodiwa nyumbani kutoka kwenye televisheni ya miaka ile, usizitupe wakati wa kuhama. Mtafute fundi mwenye deki nzima, azihamishe mwaka huu.